Sauti ya Arobaini

Asubuhi hiyo Somoe alikuwa anakata kucha za miguu. Alikaa kwenye ngazi ya gari, mguu mmoja juu ya goti, wembe mkononi, anakata kidole kimoja kimoja, halafu anapitisha dole gumba juu ya kila ukucha kuhakikisha hakuna ncha iliyobaki. Ukucha ukiwa mrefu unakwaruza majani makavu. Mtu wa kawaida hasikii. Lakini sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anasikia, na sange akishasikia anapigapiga mguu chini kuwaambia wenzake, na hapo msitu mzima unafunga mdomo.

"Dada, mimi nimekoma," Tulinagwe alisema kutoka upande wa jiko la gesi. "Leo siku ya nne sijagusa sabuni. Nikirudi nyumbani mume wangu atanilaza bandani na mbuzi."

"Mume hana shida. Mbuzi ndio watakaokukataa."

Tulinagwe akacheka mpaka akapaliwa na chai. Alikuwa karani wa Ofisi ya Sauti, mwanamke wa Tukuyu mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Kazi yake ilikuwa kumfikisha Somoe kwenye ukingo wa msitu, kumsubiri hapohapo, na kuandika kile atakachosema akitoka. Wote wawili walikuwa wamepigwa marufuku sabuni, mafuta ya kupaka, na vitunguu. Mnyama akikunusa kabla hujamsikia, kazi imeharibika.

"Haya, geuka nikufunge kunguni wako."

Kunguni lilikuwa jina la utani. Kwenye karatasi za Ofisi kile kifaa kilikuwa na jina refu la heshima, ila kila aliyewahi kukivaa alikiita kunguni, maana kilikuwa kidogo, bapa, kinaganda shingoni, halafu kinanyonya. Kinanyonya sauti, joto la ngozi, mapigo ya moyo, mpaka mtikisiko unaopanda kutoka kwenye nyayo. Kilipogusa shingo ya Somoe kikatetemeka mara moja.

"Habari za asubuhi, Somoe Mponda," kunguni akasema, kwa ile sauti yake ya mwanamke asiyewahi kuumwa hata jino. "Msitu wa Nandimba. Hesabu iliyopita: sauti arobaini na tatu. Kiwango cha sheria: arobaini."

"Najua," Somoe akamjibu kwa ukali, kama anamjibu mtu.

Tulinagwe alikuwa ameacha kucheka. "Somoe. Naweza kuandika unaumwa tumbo. Naandika sasa hivi, tunageuza gari."

"Halafu aje nani?"

Hakukuwa na wa kuja. Sheria ilisema msikizi asipime msitu wa kwao, lakini wasikizi walikuwa tisa nchi nzima, wawili wamejifungua mwezi huohuo, mmoja amelazwa. Ofisi ikamwandikia ruhusa ya pekee, naye akaweka dole gumba. Hakuna aliyemlazimisha. Aliitaka. Alijua Nandimba bado inasema, alikuwa na uhakika kama wa mtu anayejua kuna watu nyumbani kwa sababu anasikia sufuria zinagongana.

Jana mchana, walipopita Lukunde, kijijini kwao Somoe, kina mama walilizuia gari katikati ya barabara wakamshika mikono kupitia dirishani. Mikono ya unga, mikono ya majivu. "Mtoto wetu huyo! Karudi kwetu!" Hakuna aliyemwomba kitu. Hawakuwa na haja ya kuomba. Kwenye uwanja wa mpira wa kijiji magari ya machimbo yalikuwa yameshapangwa, injini zimezimwa, na Somoe alipopita alisikia joto la chuma usoni na harufu ya grisi. Yalikuwa yanasubiri namba yake, idadi ya aina za viumbe atakaowasikia. Ikitoka arobaini, yanarudi yalikotoka. Ikitoka thelathini na tisa, yanaingia.

*

Alikuwa haoni tangu ana miaka minne, surua ilipopita Lukunde. Kwa hiyo msitu kwake haukuwahi kuwa kitu cha kijani. Nandimba ilikuwa ubaridi unaoanzia kwenye magoti, harufu ya mninga uliochubuliwa na tembo, ardhi inayobonyea hapa na kugoma pale.

Aliingia peku, fimbo mkononi, jua bado linampiga shavu la kulia. Akatembea kidogo, akasimama. Msitu ukikuona unanyamaza, na huna la kufanya zaidi ya kusimama mpaka usahaulike.

Wa kwanza kumsahau walikuwa nyenje. Wakaanza mmoja mmoja, halafu wote, kama mafuta yanavyoanza kuchemka kwenye kikaango.

"Sauti ya kwanza: nyenje. Thibitisha," kunguni akasema kwenye mfupa wa shingo yake.

"Ndiyo."

Kisha njiwa. Kisha tiva, wale ndege wanaoimba wawili wimbo mmoja, dume anaanza, jike anamalizia, na mgeni anaapa ni ndege mmoja. Kigogota alimpata kwa kiganja: alishika gogo la mti, akasikia ngo-ngo-ngo ikishuka ndani ya kuni kabla haijafika sikioni. Nyani walimtangulizia harufu ya mkojo. Hondohondo akapita juu, na upepo wa mabawa yake ukamgusa utosini kama mtu anakung'uta kanga mbichi. Vyura aliwajua kwa miguu, hewa ilivyopoa ghafla kwenye muundi. Na sange, sange wa Mungu, alimsikia kwa nyayo tu, vishindo vidogo vya hasira kwenye majani.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Ndiyo."

Kwa kusikia peke yake, kunguni alimshinda Somoe mbali sana. Alisikia popo. Alisikia mchwa wakitafuna. Alichokuwa hakijui ni kama sauti ina mwenyewe. Miaka sita nyuma, kwenye msitu wa Igoda, kampuni moja ya mbao ilifyeka kila kitu katikati, ikaacha ukuta wa miti pembeni kama pindo la nguo, ndani ikatundika spika. Kunguni wa wakati ule wakahesabu sauti hamsini na mbili, na cheti kikatoka. Somoe alipopelekwa kwa majaribio hakuchukua hatua ishirini. Ndege walikuwa wanaimba, lakini hakuna hata mmoja aliyekatisha wimbo alipomkaribia. Hewa ilikuwa na joto la uwanja. Nyayo zake zilikuwa zinakanyaga unga wa msumeno. Hondohondo alipita juu ya kichwa chake bila upepo wowote. Somoe alisimama pale, katikati ya kelele zote zile, akalia.

Baada ya Igoda ndipo Ofisi ikaajiri watu. Kila "ndiyo" na kila "hapana" ya msikizi inatumwa jioni kwa kunguni wote nchini, nao wanajifunza kwayo. Somoe akisema hii ni hai, basi kunguni wa Kigoma na wa Tanga nao wanajua hivyo, na hawasahau tena.

Ilipofika saa nne alikuwa na thelathini na tisa.

Halafu ikawa hakuna. Alikwenda kwenye jabali la pimbi, akapapasa chini ya mwamba, akaokota mavi yao. Yalikuwa makavu, yakavunjika kuwa vumbi, hata harufu yamekwisha kupoteza. Alikwenda kwenye dimbwi la mbali, fimbo ikagonga tope lililokauka na kupasukapasuka. Alikaa chini, akasubiri. Jasho likamwingia mdomoni.

"Thelathini na tisa," kunguni akasema bila kuulizwa. "Muda uliobaki: saa moja na dakika arobaini."

"Nyamaza."

Na hapo ndipo aliposikia, mbele yake, mkono wa kushoto, ule mlio kama mtu anatikisa kiberiti kilichobaki njiti chache. Mlembe.

Somoe aliruka akasimama kama mtoto. Mlembe! Ndege wa warina asali, yule anayekuja mwenyewe kumwita binadamu, anamtangulia mti hadi mti mpaka kwenye mzinga, maana yeye anajua nyuki walipo na binadamu ana moto na shoka. Mtu anachukua asali, ndege anaachiwa nta. Watu wa Lukunde walikuwa wanaishi hivyo tangu hakuna anayekumbuka. Somoe akakunja midomo akapiga mluzi wa kwao, mrefu, unaoishia kwa mguno. Moyo ulikuwa unamdunda, na kunguni alikuwa anaunyonya wote.

Mlembe akajibu.

Somoe akamfuata. Akapiga mluzi tena. Mlembe akajibu tena, na hapo kitu kikamgusa vibaya. Mlembe ukimjibu anachachamaa. Anasogea, anarudi, anakufokea uharakishe, mlio unapanda juu kama wa mtu aliyechelewa sherehe. Huyu alitikisa kiberiti chake kwa urefu uleule, akapumzika kwa urefu uleule, palepale alipokuwa.

"Amechoka," Somoe alijiambia. "Ni mzee."

Lakini nyuki, waliokwisha kuhesabiwa tangu asubuhi, walikuwepo kweli. Aliwasikia wakivuma juu ya mti, mzinga mkubwa, wenye afya. Akausogelea mti. Mguu wake wa kulia ukakanyaga kitu laini kilichowekwa juu ya jani.

Akapiga magoti, akapapasa. Jani pana, ncha yake imekunjwa mara mbili na kubanwa kwa jiwe isipeperuke. Juu yake kipande cha sega. Asali ilikuwa imeshachukuliwa na sisimizi. Nta ilikuwa nzima. Kingo zake zilikuwa kali bado, kama zilivyoachwa na kisu, na ndani ya vishimo wana wa nyuki wamekauka, wanagongagonga kama punje. Siku kumi imekaa pale. Labda kumi na mbili. Somoe alipitisha kidole kila upande, juu, chini, pembeni, akarudia, anatafuta alama moja tu ya mdomo.

Mlembe anaipenda nta kuliko kitu kingine chochote. Kuiacha siku kumi chini ya mti wake asiiguse, hilo halipo. Na Lukunde nzima mtu aliyekuwa anakunja jani mara mbili alikuwa mmoja tu.

"Sauti ya arobaini: mlembe," kunguni akasema. "Uhakika: asilimia sabini na moja. Thibitisha."

Juu ya kichwa chake kiberiti kikatikisika.

"Nakwenda haja," Somoe akasema.

"Mapumziko ya haja. Dakika kumi. Sisikilizi." Kunguni akapoa shingoni.

Somoe alibaki amepiga magoti. "Toka, mjomba," alisema. "Tumbaku yako naisikia tangu kwenye jabali."

*

Nyuma ya kichuguu kikaburuzwa kisigino. Mjomba Ndembo, kaka wa mama yake, ndiye aliyemlea. Kisigino kile hakikuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa anakiburuza makusudi tangu Somoe mdogo, ili mtoto ajue yuko wapi. Warina wenzake walimcheka, mtu mzima anatembea porini kama ng'ombe wa mnadani. Yeye akawaambia, natembea na mtu.

"Shikamoo," Somoe akasema. Ilimtoka yenyewe.

"Marahaba, mama. Umenenepa."

"Usinichekeshe, mjomba. Haruhusiwi mtu humu leo."

"Haruhusiwi na nani? Kitovu changu kimezikwa humu."

"Hiyo sauti umeiweka lini?"

Mzee akajikalisha chini kwa kuguna, karibu, magoti yao yakakaribia kugusana. Nguo zake zilinuka moshi kama siku zote. "Mwezi ulipoandama. Ni ile simu yangu ya zamani, ya kitochi. Fundi kaiunga na betri ya jua. Lakini ile sauti, Somoe, siyo ya kutengeneza. Ni mlembe mwenyewe. Yule wa mwaka ule ulipoumwa na nyuki kwenye kope ukalia mpaka ukalala mgongoni kwangu. Nilimrekodi nikawa nakupigia ukiwa hosteli, usije ukasahau kwenu."

Somoe alikumbuka. Simu ya matroni, foleni ya wasichana nyuma yake wanasonya, na yeye amebana sikio anasikiliza kiberiti.

"Yuko wapi sasa?"

"Nimemwita misimu mitatu. Hajaja yeye, hajaja mtoto wake." Mzee akakohoa. "Nilihesabu mwenyewe kabla yako. Tangu masika nahesabu. Vidole vya mikono na vya miguu, mara mbili, kasoro kimoja. Nikarudia. Kasoro kimoja. Nikasema basi, Mungu anisamehe, nitaongopa kimoja tu. Sikuzidisha."

"Ungeweka kwale!" Somoe akafoka kwa kunong'ona. "Ungeweka kanga, ungeweka mdudu yeyote, ningepita nikasema ndiyo wala nisingegeuka! Kwa nini mlembe?"

"Ndiye niliyekuwa naye."

"Na nta? Nani kakutuma umwekee nta ndege wa simu?"

Mzee alikuwa anasuguasugua viganja, ngozi kavu kwa ngozi kavu. "Nilipopanda kutundika, mzinga ulikuwa wazi, nikakata kipande nikala. Niliposhuka nikaweka. Wala sikufikiri, mama. Mkono umefanya hivyo miaka hamsini. Kula asali usimwachie ni wizi."

"Ungeiba. Siku moja tu, mjomba, ungeiba."

"Ndiyo. Ningeiba."

Wakakaa. Mlembe akaita, akapumzika, akaita. Ilikuwa sauti nzuri mno.

"Haya, sema ndiyo," mzee akasema. "Umejua wewe, nimejua mimi. Neno moja, twende nyumbani, wamepika."

"Siyo neno moja." Somoe akagusa kunguni. "Hiki kinajifunza kwangu. Nikisema ndiyo, leo jioni vyote vitajua kwamba spika mtini ni ndege. Kesho wenye kampuni kama ile ya Igoda watatundika zao, na hakuna kitakachowagundua tena. Watakata kila mahali, mjomba. Watabakiza miti ya pembeni na kelele. Na cheti juu."

"Hao wa huko mimi siwajui."

"Kuna watu wanaishi huko."

"Na hapa wanaishi nani, mashetani? Wewe umewahi kuwaona hao watu?"

"Sijawahi kumwona mtu yeyote."

Mzee akasonya, lakini kidogo akacheka pia, na kicheko kile kilimuuma Somoe kuliko msonyo. "Unajua ninachosema. Ukisema hapana, yale magari yanaingia lini?"

"Leo."

"Na nyuki hawa juu? Na wale thelathini na tisa wote uliowapokea tangu asubuhi, ndiyo, ndiyo, ndiyo, nilikuwa nakusikia. Hao siyo hai? Wamekosa nini? Wamekosa jirani mmoja. Sheria gani hiyo, mama?"

"Mbovu."

"Basi."

"Mbovu, lakini ndiyo pekee iliyobaki inayozuia magari. Nikiitoboa hapa, imetoboka kote."

"Ni mimi niliyekufundisha kusikia." Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka, haina ugomvi ndani yake. Ilikuwa inauliza kweli. "Nilikufundisha uje utumalize?"

Somoe alikuwa na jibu moja. Nalo lilikuwa dogo. "Ulinifundisha niseme nilichosikia."

Kunguni akapata moto shingoni. "Mapumziko yamekwisha. Sauti ya arobaini: mlembe. Thibitisha. Sekunde sitini."

Mjomba Ndembo hakusogea. Alikuwa karibu kiasi kwamba Somoe alisikia pumzi zake zinavyokwaruza kifuani. Angeweza kumziba mdomo. Angeweza kusema neno lolote, kunguni akamnasa, ikawa ni mtu kaingilia hesabu, wakapewa siku nyingine ya kupima. Hakusema. Aliheshimu kazi ya mtu. Alimwachia kabisa, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Neno "ndiyo" lilikuwa limekaa tayari mdomoni, limelainika kwa kusemwa mara thelathini na tisa. Somoe alisikia nyenje. Akawasikia tiva kwa mbali, wa kwanza na wa pili. Akasikia nyuki.

"Sekunde kumi."

"Hapana," akasema.

"Sababu?"

"Sauti haina mwenyewe."

"Imepokelewa. Sauti hii itahifadhiwa kwenye vifaa vyote kama mfano wa uongo." Kunguni akanyamaza kidogo, akihifadhi. Yule mlembe wa kweli, mlembe wa kwenye kope na wa simu ya matroni, alikuwa anapelekwa Kigoma na Tanga na kila mahali, aandikwe uongo milele. "Jumla: thelathini na tisa. Hesabu imefungwa. Asante kwa kazi yako, Somoe Mponda."

Akajizima, akaachia shingo, akadondoka mapajani mwake.

"Mjomba," Somoe akasema.

Kimya.

"Mjomba, uliweka vizuri. Wallahi ulinipata. Niliruka kama mtoto." Alikuwa anaongea harakaharaka, hajui maneno yanatoka wapi. "Sikiliza. Nitaacha hii kazi. Nitakuja tukae wote, utakapokwenda nitakwenda. Nikasirikie, nitukane, lakini sema. Hukuongopa sana, mjomba. Wewe hujui hata kuongopa." Akanyoosha mkono mbele, pale ilipokuwa pumzi. Ukagusa hewa. Akaunyoosha zaidi, ukagusa gome la mti.

Hakujua ameondoka saa ngapi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mjomba alikuwa ametembea kama mwindaji, kisigino hakikuburuzwa, jani halikulia. Labda alikuwa ameshafika mtoni. Labda alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, anamtazama. Somoe aligeuza kichwa huku na huku, na masikio yale yaliyosifiwa nchi nzima hayakumpa kitu.

*

"Ngapi?" Tulinagwe aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua. Namba ilikuwa imekwishafika kwenye simu yake, na kwenye simu za watu wote waliokuwa wanaisubiri.

"Thelathini na tisa."

Tulinagwe alimmiminia maji kwenye viganja, akampa kitambaa, akamfungulia mlango. Halafu akakaa na fomu juu ya usukani.

"Kuna sauti ya uongo moja. Fomu inauliza aliyeweka."

"Andika hajulikani."

"Dada."

"Andika, Tulinagwe."

Kalamu ilisita. Kisha ikakwaruza karatasi, neno moja, taratibu, na Tulinagwe akawasha gari.

Walipofika Lukunde walikuwa wamepika kweli. Harufu ya wali wa nazi iliingia dirishani, na ya kuku, mapishi ya sherehe. Somoe aliweka mkono nje ya dirisha kama jana. Hakuna aliyesimamisha gari. Aliwasikia wamesimama pande zote mbili za barabara, kanga zinapepea, mtoto mmoja anaziba kikohozi, na hakuna hata mkono mmoja uliogusa wake. Kwenye uwanja wa mpira injini ya kwanza iliunguruma, ikafuata ya pili. Somoe akarudisha mkono ndani.

Baada ya kilima akatoa simu. Mjomba hakujua kusoma, na yeye hakuona, kwa hiyo siku zote walikuwa wanatumiana sauti. Alibonyeza, akaanza, akafuta. Akaanza tena.

"Mjomba, ni mimi. Nimesema aliyeweka hajulikani. Itoe ile simu mtini kabla hawajafika, usiache hata waya. Na wale nyuki, ukiwahi leo unaweza kuwahamisha, wavushe mto, ng'ambo hawachimbi." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Kuna maneno nilisema pale chini ya mti. Sijui kama ulikuwepo. Kama ulikuwa umeshaondoka, nitayarudia yote. Usiseme kitu kama hutaki kusema na mimi. Kohoa tu."

Akatuma.

"Imefika," simu ikasema.

Tulinagwe alizima redio bila kuambiwa. Gari likashuka bondeni, likapita daraja la mbao, mbao zikagongana chini ya matairi.

"Imesikilizwa," simu ikasema.

Somoe aliibana sikioni. Alisikia damu yake mwenyewe, na gia, na Tulinagwe akivuta kamasi polepole asisikike. Barabara ya vumbi ikaisha, lami ikaanza, na dunia ikawa laini na haina sauti yoyote.

"Imesikilizwa mara mbili."

Alisubiri. Sikio lilikuwa limepata moto, hakulibadilisha. Walipita kituo cha mafuta, wakapita mizani ya magari, wakapita harufu ya mahindi ya kuchoma.

"Imesikilizwa mara tatu," simu ikasema, na baada ya hapo haikusema tena.